Deni la Jirani Hutangulia Sadaka

Makanisa yetu yanajaa. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya watu wanane katika kila kumi ni Wakristo. Tanzania haijawauliza wananchi dini zao katika sensa tangu ile ya 1967, lakini apitaye Moshi, Songea, Mbeya au Bukoba asubuhi ya Jumapili hahitaji takwimu. Waumini hao wakiulizwa wanampenda Mungu kwa njia gani, watataja mambo ambayo kweli wanayafanya na kuyagharimia: kuhudhuria misa au ibada bila kukosa, kuimba kwaya, kukesha katika maombi, kufunga Kwaresima, kutoa fungu la kumi, kuchangia ujenzi, kufika kwenye jumuiya hata mvua ikinyesha. Sidharau hata moja. Watu maskini wamejenga nyumba za ibada kwa jasho lao, na Mungu anajua walivyojinyima. Lakini naamini kuna jambo la mwanzo ambalo tumeliruka. Maandiko yanayotuamuru kumpenda Mungu yanatanguliza kitu kimoja mbele ya sadaka zote, nacho ni kumpa jirani haki yake: mshahara wake kwa wakati, kilo yake kamili, mapumziko yake, pesa yake tuliyokopa. Mkristo anayemnyima jirani haya kisha akaenda kanisani na bahasha, ametoa sadaka kwa mali ya mtu mwingine.

Tuanzie pale amri yenyewe ilipo. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, Waisraeli wanaagizwa kumpenda Bwana kwa moyo wote, roho yote na nguvu zote, na papo hapo wanaagizwa kuyazungumza maneno hayo wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Hema la ibada halitajwi katika agizo hilo. Zinatajwa nyumba, njia, kitanda na miimo ya mlango. Yesu alipoulizwa na mwandishi ni amri ipi iliyo kuu, alijibu kwa amri hiyo, kisha akaiunganisha na ya kumpenda jirani kama nafsi yako, aliyoitoa katika Mambo ya Walawi, sura ya 19. Wengi wetu tunaijua amri hiyo ya pili kwa moyo, ila ni wachache wanaosoma mistari inayoizunguka. Mistari mitano tu kabla yake kuna katazo la kulala na ujira wa kibarua mpaka asubuhi. Juu zaidi mwenye shamba anakatazwa kuvuna mpaka pembeni, ili maskini na mgeni wapate cha kuokota. Sura inapokaribia kwisha, wanaouza wanaagizwa wawe na mizani ya haki, mawe ya haki na efa ya haki ya kupimia nafaka. Mara kwa mara, baada ya maagizo hayo, Mungu anataja jina lake mwenyewe, akionyesha kwamba ujira wa kibarua na uzito wa ngano vinamhusu yeye binafsi. Upendo unaoagizwa humo unahesabika kwa siku, kwa masuke na kwa ratili. Mistari hiyo haiulizi tunajisikiaje juu ya jirani.

Mkulima wa viazi wa Njombe au wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni hahitaji mhubiri wa kumfafanulia efa ya udanganyifu. Anaijua kwa jina la lumbesa. Mnunuzi anafika shambani, bei inatajwa kwa gunia, kisha gunia linajazwa, linashindiliwa, linaongezewa nundu juu na kushonwa kwa kamba, hadi linabeba uzito unaopita kwa mbali ule wa gunia la kawaida. Malipo yanabaki ya gunia moja. Sheria inakataza, Wakala wa Vipimo wamekuwa wakielimisha na kutoza faini, na bado lumbesa ipo, kwa sababu mkulima ana deni la mbolea, mazao yanaharibika na gari linasubiri barabarani. Hawezi kugoma. Sehemu hizo zimekuwa na Ukristo kwa zaidi ya miaka mia moja, kwa hiyo mara nyingi anayeshindilia gunia na anayepunjwa wanamwomba Mungu mmoja, pengine chini ya dhehebu moja. Mnunuzi huyo akitoa fungu la kumi katika faida yake, na wengi hutoa kwa moyo mweupe, sehemu ya fungu hilo ni viazi ambavyo mwenye shamba hakulipwa. Kanisa limepokea na kuombea baraka. Mkulima naye, Jumapili hiyohiyo, ametoa chake katika kile kidogo alichobakiziwa. Mbele ya Mungu, nani katika hao wawili amechangia kiasi gani? Kitabu cha mhasibu wa parokia hakiwezi kujibu swali hilo, lakini Mambo ya Walawi yanalijibu.

Nabii Amosi aliwahubiria watu wa namna hii katika karne ya nane kabla ya Kristo. Alikuwa mchungaji wa mifugo kutoka Tekoa, katika Yuda, akatumwa Israeli ya kaskazini wakati wa mfalme Yeroboamu wa Pili, kipindi cha utulivu na biashara nzuri. Ibada huko Betheli ilistawi, dhabihu zilitolewa, zaka zilipelekwa, nyimbo na vinanda havikukoma. Amosi anawaeleza wafanyabiashara waliokaa wakingoja sabato iishe ili wafungue ghala, wapunguze efa, waongeze uzito wa shekeli na kuuza hata takataka za ngano. Tuliangalie jambo hili vizuri. Watu hao waliishika sabato. Hawakuuza siku ya Bwana, ingawa mioyo ilikuwa dukani. Kwa kipimo cha nje walikuwa waumini bora kuliko wengi wetu. Ujumbe aliopewa Amosi ni kwamba Mungu anazichukia sikukuu zao na hataki kusikia nyimbo zao maadamu haki haipiti kati yao. Isaya, katika sura ya 58, anasema vivyo hivyo juu ya mfungo: watu wanalalamika kwamba wamefunga na Mungu hakuona, naye anawajibu kwamba siku ileile ya kufunga waliwakandamiza wafanyakazi wao. Karne nyingi baadaye Yakobo anaandika kwamba ujira uliozuiwa wa wavunaji unapiga kelele, na kelele hiyo imefika masikioni mwa Bwana. Manabii wawili na mtume mmoja, nyakati tofauti, na shtaka ni lilelile. Si shtaka la kutosali. Wote walioshtakiwa walikuwa na dini.

Lakini tusikimbilie mashambani na kuwahukumu madalali, maana ushahidi ulio karibu zaidi uko jikoni kwetu. Mijini, familia nyingi za kipato cha kati, na hata zile zinazojikongoja, zinaishi kwa kazi ya binti aliyetoka kijijini. Tunamwita dada. Anaamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, anafua, anapika, anawaandaa watoto kwenda shule, anajua siri za nyumba na hazitoi. Mara nyingi hana mkataba wa maandishi. Mshahara wake ulipangwa kwa maneno, tena mbele ya mjomba aliyemleta, na ndio wa kwanza kuahirishwa fedha zikipungua. Ada ya shule ina tarehe yake, king'amuzi kisipolipiwa kinakatika, umeme wa LUKU ukiisha nyumba inaingia giza. Kazi ya dada haikatiki, kwa hiyo anangoja. Wengine huambiwa pesa yao inatunzwa, na siku wanapotaka kuondoka inaanza hesabu ya sahani zilizovunjika na simu iliyotumbukia majini. Torati ilimwona mtu huyu. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mwenye kazi anaagizwa kumlipa kibarua maskini kabla jua halijatua, na sababu inatolewa: moyo wake umeutumainia ujira huo. Agizo hilo linajua kwamba kwa mwenye nacho siku tatu za kuchelewa ni usumbufu mdogo, na kwa asiye nacho ni dawa ya mama isiyonunuliwa.

Jumapili asubuhi inayaweka haya wazi zaidi. Familia inawahi ibada ya kwanza. Dada ameamka mapema zaidi, amepasi nguo, amechemsha chai, na wengine wakitoka yeye anabaki na mtoto mdogo na maandalizi ya pilau la mchana, kwa kuwa wageni watakuja baada ya ibada. Amri ya sabato, kama ilivyoandikwa katika sura ya 5 ya kitabu hichohicho, inawataja mtumwa na mjakazi kwa makusudi na kusema wapumzike kama mwenye nyumba mwenyewe anavyopumzika, kisha inawakumbusha Waisraeli kwamba wao walikuwa watumwa Misri. Pumziko la dada, basi, limo ndani ya amri ya kumwabudu Mungu. Baba au mama aliyemnyima ameivunja sabato akiwa ameketi kwenye benchi la kanisa. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 189 wa wafanyakazi wa majumbani, unaotaka wapewe angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila juma. Wajumbe wa mataifa walikaa Geneva kukubaliana juu ya jambo ambalo Wakristo walikuwa nalo ndani ya Biblia zao, sebuleni, miaka yote.

Wanaofundisha juu ya kumpenda Mungu katika shughuli za kila siku hupenda kumtaja Ndugu Lawrence, mtawa wa Kikarmeli wa Paris aliyefariki mwaka 1691. Alifanya kazi jikoni, baadaye kutengeneza viatu, na mafundisho yaliyokusanywa baada ya kifo chake yanaeleza jinsi alivyojizoeza kukaa mbele za Mungu katikati ya masufuria sawa na alivyokaa kwenye sala. Ni mafundisho yenye uzito, na yamewasaidia Wakatoliki na Waprotestanti kwa zaidi ya miaka 300. Ila tusisahau kwamba Lawrence alishika sufuria kwa mikono yake. Alikuwa mpishi wa wengine. Anayetaka kumwiga na ajiulize kwanza ni nani anayeosha vyombo nyumbani kwake wakati yeye anatafakari, na kama mtu huyo amelipwa.

Hapa Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu wenyewe, na nashangaa kwamba mimbara zetu hazirejei kwake mara nyingi zaidi. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na Joe Church, daktari mmisionari kutoka Uingereza, wakasoma Biblia na kusali pamoja. Kutokana na urafiki huo, na kutoka hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, ulitokea katika miaka ya 1930 Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya. Wafuasi wake waliitwa Balokole, yaani waliookoka. Uamsho huo unakumbukwa kwa nyimbo zake na kwa kuungama hadharani, lakini kilichowatikisa majirani, hata wasioamini, kilikuwa kurudisha. Mtu akiokoka alikwenda kwa aliyemwibia, mkononi ana kile alichoiba. Vilirudishwa vifaa vya waajiri, fedha, mali za watu. Madeni ya zamani yaliyokuwa yamesahauliwa hata na wanaodai yalilipwa. Wenyewe waliuita mwenendo huo kutembea nuruni. Walikuwa na mapungufu yao: baadhi walizama katika masharti madogomadogo ya mavazi na kuwahukumu wasiofanana nao. Hata hivyo walielewa jambo moja kwa uwazi ambao sisi tumeupoteza. Walielewa kwamba mtu hawezi kuimba damu ya Yesu akiwa na jembe la jirani uvunguni.

Rwanda hiyohiyo inatupa onyo ambalo hatuna haki ya kulipuuza. Pasaka ya mwaka 1994 iliangukia tarehe 3 Aprili, katika nchi ambayo sehemu kubwa sana ya wananchi walikuwa Wakristo waliobatizwa. Siku nne baadaye mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza, na makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyange yakawa mahali pa kuchinjia watu waliokimbilia humo. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani Athanase Seromba, padre wa Nyange, na Elizaphan Ntakirutimana, mchungaji Msabato. Sisemi kwamba anayepunja kilo ataishia kuua. Huko ni kurahisisha maumivu ya watu. Nasema kwamba kujaa kwa kanisa na utamu wa nyimbo havikuthibitisha lolote juu ya upendo kwa Mungu. Kipimo kilipokuja kilikuwa jirani, anayeishi uzio wa pili. Wapo waliopita kipimo hicho. Félicité Niyitegeka wa Gisenyi, Mhutu aliyejiweka wakfu kwa utume wa Kanisa Katoliki, aliwaficha Watutsi, akapata nafasi ya kujiokoa peke yake, akaikataa, akauawa. Waraka wa Kwanza wa Yohana unasema kwamba asiyempenda ndugu anayemwona hawezi kumpenda Mungu asiyemwona. Tumezoea kuusoma kwenye harusi.

Najua msomaji wa Kilutheri, na yule wa makanisa ya kilokole, amekwisha kuinua mkono: unaturudisha kwenye wokovu kwa matendo, wakati mwanadamu huokolewa kwa neema. Pingamizi hilo ni la heshima na linastahili jibu. Tumwangalie Zakayo katika Luka 19. Yesu alijialika nyumbani kwake kabla Zakayo hajalipa hata senti moja. Neema ilitangulia, na umati ulinung'unika kwa sababu hiyo hasa. Zakayo akasimama na kusema nusu ya mali yake ni ya maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Hakununua kitu. Mgeni alikuwa amekwisha kuingia. Lakini kama angesimama na kutangaza tu kwamba anampenda Bwana, kisha akaendelea kukaa juu ya fedha za watu, nani pale Yeriko angeamini kwamba kuna jambo limetokea? Martin Luther mwenyewe, aliyefundisha kuhesabiwa haki kwa imani kwa ukali kuliko mtu yeyote wa zama zake, alichapisha mwaka 1524 maandiko juu ya biashara na riba, akiwakemea wafanyabiashara Wakristo kwa kupandisha bei kadiri wawezavyo na kuhodhi bidhaa ili wengine wakose. Hakuona mgongano wowote kati ya imani hiyo na karipio hilo. Imani inayoogopa kuulizwa juu ya mizani haijalindwa na fundisho la neema. Imejificha nyuma yake.

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya Injili. Huko Bethania mwanamke alivunja kibweta cha marhamu yenye thamani ya zaidi ya dinari 300, karibu ujira wa kibarua kwa mwaka mzima, akammiminia Yesu kichwani. Waliokuwepo walikasirika kwamba fedha hizo zingewafaa maskini, na Yesu akamtetea mwanamke. Je, si kweli basi kwamba upendo kwa Mungu una haki yake peke yake, usiopimwa kwa mizani ya jirani? Nalikubali hilo bila kigugumizi. Kuna sehemu ya upendo huo ambayo haielekei kwa mwanadamu yeyote: sifa, machozi ya toba, kukaa kimya mbele ya Sakramenti, wimbo unaoimbwa kwa furaha tu. Dini iliyopoteza sehemu hiyo imekauka. Lakini marhamu yale yalikuwa ya mwanamke mwenyewe. Alimimina chake. Na Yesu alipowakumbusha kwamba maskini wapo siku zote, alikuwa akigusa maneno ya Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, ambako papo hapo watu wanaagizwa wafungue mikono kwa maskini huyo. Tena Yesu huyohuyo, katika Marko sura ya 7, aliwakaripia waliotangaza mali yao kuwa korbani, wakfu kwa Mungu, ili wazazi wao wasipate msaada waliostahili. Mambo haya mawili hayapingani. Mwanamke wa Bethania alitoa kilicho chake na akasifiwa. Watu wa korbani walitoa kilichokuwa haki ya mwingine na wakahukumiwa.

Yohane Krisostomu alilishughulikia swali hili alipokuwa akihubiri Antiokia mwishoni mwa karne ya nne, mbele ya waumini matajiri waliopenda kutoa vyombo vya dhahabu kwa ajili ya altare. Aliwauliza ina faida gani kuipamba meza ya Kristo kwa dhahabu huku yeye mwenyewe, katika mtu maskini, akifa kwa njaa. Hakuwakataza kutoa mapambo. Aliwataka watangulize lile jingine. Utaratibu huohuo umo katika Hotuba ya Mlimani, ambapo anayeleta sadaka akakumbuka kwamba ndugu ana neno juu yake anaambiwa aiache pale madhabahuni, aende wakapatane, ndipo arudi kuitoa. Sadaka haikufutwa. Ilisubiri.

Wapo watakaosema kwamba sadaka hizi tunazozitilia shaka ndizo zilizojenga na kutunza hospitali kama Bugando, KCMC, Ndanda na Haydom, na kwamba tukianza kuchunguza mfuko wa kila mtoaji tutafunga wodi. Ni kweli kwamba taasisi za makanisa zimeokoa maisha ya watu wasiohesabika, Wakristo na Waislamu. Lakini wema wa mahali fedha inapokwenda hauifuti dhuluma ya mahali ilipotoka. Torati ilijua hilo, ikakataza malipo ya namna fulani kuletwa katika nyumba ya Bwana hata kama yangetumika vizuri. Na viongozi wa siku zetu wameonyesha kwamba kukataa kunawezekana. Mwezi Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza irudishwe michango ya mamilioni ya shilingi iliyokuwa imetolewa na wanasiasa, Rais akiwa miongoni mwao, katika parokia ya Soweto. Miaka mitatu kabla yake Askofu Mkuu wa Anglikana Kenya, Jackson Ole Sapit, aliwazuia wanasiasa kuhutubia kutoka mimbarani. Ni hatua za kupongezwa kwa dhati. Ila ni rahisi zaidi kumwambia mwanasiasa ukweli kuliko kumwambia mzee wa kanisa anayeheshimika, ambaye vibarua wake wa shambani wanadai miezi miwili.

Linabaki pingamizi la ugumu wa maisha, nalo silichukulii kwa wepesi. Mwalimu ambaye mshahara wake mwenyewe umechelewa atamlipaje dada tarehe 30? Mfanyabiashara akikataa lumbesa peke yake, wenzake watanunua kwa faida na yeye atafunga kibanda. Hali hizo zipo. Nami nasema tofauti iko kwenye mpangilio wa matumizi yetu, ambao tunaujua vizuri. Mtu yuleyule asiye na pesa ya fundi cherehani aliyemshonea sare za watoto anapata mchango wa kamati ya harusi, kwa sababu jina lake litasomwa. Yule mwenye daftari la mkopo genge la jirani, lisilofutwa tangu Pasaka, anapata sadaka ya shukrani ya sikukuu ya kuzaliwa. Fedha haikukosekana, ilikwenda kwanza mahali penye macho. Pale inapokosekana kweli, bado kuna kumwita mdai, kumweleza ukweli, kukubaliana tarehe na kuishika. Hilo nalo ni haki yake, na halina gharama. Kuhusu soko, mnunuzi mmoja hawezi kuimaliza lumbesa, lakini wanunuzi wanaosali pamoja wanaweza kukubaliana juu ya mizani moja, na kanisa lenye jumuiya kila kitongoji lina uwezo wa kuwakusanya kuliko ofisi yoyote ya serikali. Na kama asiye na dini tayari analipa vibarua wake kwa wakati, na wapo wengi, tusimwonee wivu. Katika Mathayo 25 waliowekwa mkono wa kuume walishangaa kusikia kwamba waliyemhudumia alikuwa Bwana.

Mapadre, wachungaji na wazee wa kanisa wanaweza kuanza bila kamati wala bajeti. Kabla ya vikapu kupitishwa, mtu mmoja asimame aseme kwamba anayedaiwa mshahara wa mfanyakazi wake na leo amekuja na uwezo wa kuulipa, asiweke bahasha hiyo kikapuni. Aende nayo nyumbani amlipe, na kanisa litamngoja juma lijalo. Makusanyo yatapungua kwa Jumapili kadhaa. Acheni yapungue. Nawe msomaji, kama kuna dada nyumbani kwako, fundi, mkulima, bodaboda au mwenye genge anayekudai, unamjua kwa jina na unajua kiasi. Mlipe kabla ya Jumapili hii, na umpe dada nafasi ya kwenda kusali.